Kuku wa Mgeni Asiyekula Ndege

Upepo wa Kitengela hauna kwao. Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba unaamka upande wa Athi River, unapita juu ya paa letu la mabati, kisha unaelekea Isinya na Kajiado bila kugeuka nyuma, kama mtu anayeitwa na jambo la haraka. Hapakuwa na kitu cha kuuzuia. Katikati ya miaka ya tisini nyumba yetu ilikuwa miongoni mwa chache zilizosimama upande ule wa barabara ya Namanga, na asubuhi za kiangazi tuliweza kufungua mlango tukakuta punda milia wamesimama karibu na kamba ya nguo, wakitutazama kwa utulivu wa wenyeji wanaotazama wapangaji wapya.

Baba alikuwa ameacha nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha saruji ili watoto wake wawili wakulie kwenye ardhi wanayoweza kuiita yao. Mama, ambaye tulimwita mwaitu kama watu wa Machakos wanavyowaita mama zao, alileta kuku kutoka kwao ndani ya kikapu, akawajengea kibanda kabla nyumba haijawekwa madirisha. Alisema nyumba isiyo na kuku ni nyumba isiyotarajia mtu.

Siku ambazo kuku alichomwa, tulimchoma nje, juu ya jiko lililokatwa kutoka pipa kuukuu. Upepo uliyapuliza makaa mpaka yakatoa ndimi, ngozi ikaungua, paja likabaki bichi karibu na mfupa, na kidari kikakauka hata tukakitafuna kwa subira kama watu wanaotimiza wajibu. Mwaitu hakulalamika. Alikuwa akisema, "Upepo umeshakula sehemu yake, tuleni iliyobaki." Nami katika ndoto zangu za mtoto niliuona upepo kama mjomba mkubwa asiyeonekana, anayeketi nasi mezani na kuinywa supu yote iliyomo ndani ya nyama kabla mikono yetu haijafika.

Lakini kuku, hata akiwa mkavu, kwetu ni mkubwa kuliko mwili wake. Mgeni wa heshima anapoingia, haambiwi kwamba ni wa heshima. Huketishwa, hupewa maji, halafu husikia nyuma ya nyumba miguu ikikimbia, mabawa yakipigapiga, mtu akicheka kwa kukosa kumshika. Mgeni hujifanya hasikii. Sisi nasi hujifanya hatujui kwamba anasikia. Katika ukimya huo kila kitu huwa kimesemwa.

Majirani zetu walikuwa Wamaasai, na wazee wao hawakula ndege. Hawakuwa na ugomvi na kuku. Kwao alikuwa tu kiumbe asiye chakula, kama vile paka asivyo chakula. Watoto wao, waliosoma nasi, walikuwa wameanza kula. Nakumbuka msichana wa jirani, mwenzangu wa darasa la tano, aliyekula bawa nyumbani kwetu mchana mmoja wa Jumapili, na kabla ya kurudi kwao akachuma nyasi, akajifuta midomo na vidole kwa makini sana, kimoja kimoja. Nilimtazama mpaka akavuka uwanda, akawa mdogo, akawa rangi nyekundu tu inayotetemeka ndani ya mvuke wa jua. Niliamua siku ile, kwa uzito wote wa mtoto wa darasa la tano, kwamba ulimwengu una kasoro mahali fulani na kwamba mimi nitairekebisha.

Uamuzi huo ulinifuata hadi chuo cha ualimu. Chuoni nilikuwa kijana wa aina ile inayokaa safu ya mbele na kuuliza maswali baada ya kengele. Niliamini kwamba taifa hujengwa mezani kabla ya kujengwa bungeni. Kwamba watu wakila chungu kimoja, chuki hukosa pa kuketi. Mwalimu wetu wa sayansi kimu, mama mpole aliyependa kufundisha kwa mifano, alitueleza namna ya kuchoma kuku asikauke. Kwanza unachagua jogoo mchanga. Unampasua mgongoni na kumlaza wazi kama kitabu, ili paja na kidari viwe na kimo kimoja mbele ya moto. Unamlaza usiku kucha ndani ya maji ya chumvi, kwa sababu chumvi huingia nyamani na kuifundisha kuyashika maji yake. Humtoboi. Akiiva, unamwacha atulie kabla ya kumkata. Niliyaandika yote hayo katika daftari langu, na chini yake, Mungu anisamehe, nikaandika kwamba hii inaweza kuwa dawa.

Nilimaliza chuo mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikarudi nyumbani kungoja kupangiwa shule. Dada yangu, mkubwa wangu, alikuwa akishona nguo katika kiwanda kimoja cha Athi River na kulala huko huko, na kwa miaka miwili alikuwa akipendana na kijana Mmaasai kutoka upande wa Kajiado, fundi wa pampu za visima, mtu wa maneno machache na viatu safi daima. Sisi sote tulimpenda. Aliyebaki kumpenda dada yangu alikuwa baba wa kijana huyo, mfanyabiashara wa ng'ombe, ambaye juu ya habari ya msichana wa Kikamba alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Alikuwa amesema tu kwamba siku moja atakuja kuketi kwetu aone.

Siku hiyo ilipopangwa, dada alikuja mbio Jumapili moja baada ya zamu, akanikuta peke yangu nyumbani, kwa kuwa wazazi walikuwa kanisani.

"Sikiza vizuri, mwalimu," aliniambia, akiwa bado amesimama. "Wanakuja Jumamosi. Huyo mzee akikula kwetu, amekubali. Asipokula, atashukuru, ataaga kila mtu kwa mkono, na hatarudi tena. Hivyo ndivyo yeye hufanya. Na yeye hali nyama ya ndege. Mwambie mwaitu atafute mbuzi."

"Nitamwambia."

"Usisahau. Mimi sitoki kazini mpaka Jumamosi asubuhi."

Sikusahau. Ninaandika sentensi hii polepole kwa sababu kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba nilisahau. Nilitembea jioni ile mpaka mahali barabara inapopanda kidogo, ambapo ukisimama unaona uwanda wote umelala kama mnyama mkubwa anayepumua, na nikamwona yule msichana wa darasa la tano akijifuta vidole kwa nyasi. Nikajiambia: kwa nini tuendelee kuinama mbele ya mwiko? Mzee huyu hajawahi kukataa kuku mtamu. Amekataa tu kuku asiyemjua. Nikimpa kuku laini kabisa, mwenye maji yake yote, atakula, na akila kitu fulani kikubwa kuliko sisi sote kitakuwa kimefunguka. Sikumwambia mwaitu chochote kuhusu mbuzi. Yeye kwa upande wake alikuwa amekwisha kuwatenga majogoo wawili wachanga, kwani alidhani mfanyabiashara anayezunguka masoko hula kila kitu, na kwake hapakuwa na swali.

Tulibishana kuhusu jambo jingine tu. Ijumaa nilimwomba tuwachinje, ili walale ndani ya maji ya chumvi.

"Kuku wa mgeni huchinjwa mgeni akiwa ameketi," alisema. "Huyu akiwa amekufa jana yake, mgeni atajuaje ni wake?"

"Atajua kwa utamu, mwaitu."

"Utamu haukimbii nyuma ya nyumba."

Lakini alikuwa na fahari juu ya elimu yangu, na fahari humlegeza mama. Akawachinja. Nikawapasua mgongoni, nikawalaza ndani ya ndoo, nikafunika kwa sinia na jiwe juu yake.

Dada alifika Jumamosi saa tatu, akaivuta ile sinia kabla hajavua kitambaa cha kichwa. Alitazama ndani ya ndoo kwa muda mrefu. Maji yalikuwa yametulia, na kuku wale wawili walikuwa wamelala chini weupe, kama vitu vinavyoonekana kwenye kisima wakati wa mchana.

"Hii ni nini?"

"Kuku."

"Ulimwambia mwaitu?"

Nilianza kumweleza juu ya chumvi. Hakunizuia. Alipindua mtungi wa maji uliokuwa mtupu, akauketia, akanisikiliza mpaka mwisho: chumvi, mwiko, taifa, meza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Umeweka maisha yangu ndani ya ndoo ya maji ya chumvi."

Mwaitu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Hakunigombeza, na hilo lilikuwa zito zaidi. Alisema mbuzi hatapatikana akachinjwa kwa saa moja, na kwenda buchari kumnunulia mkwe vipande vilivyofungwa kwa gazeti ni kumtukana kwa njia nyingine. "Chai iwe nzito," akamwambia dada. "Na wewe," akanigeukia mimi, "washa hilo jiko lako."

Walikuja kwa gari la mizigo lililobeba vumbi la njia yote. Mzee aliteremka bila haraka. Alikuwa mrefu, amevaa koti zito la kijivu na kofia, mkononi fimbo iliyong'aa kwa kushikwa. Mwanawe alimfuata nyuma akiitazama ardhi. Baba alimsalimia mgeni kwa Kimaasai chake kidogo, "Sopa," naye akaitikia "Epa," kisha akaendelea kwa Kiswahili, kwa huruma. Dada aliinamisha kichwa kama wasichana wao wanavyowasalimu wazee, na mzee akaugusa utosi wake kwa ncha za vidole, kidogo sana, kama mtu anayegusa ukuta kuona kama rangi imekauka.

Hakutaka kuketi ndani. Alisema mabati yetu yanaongea mno. Viti vikatolewa nje, vikapangwa upande wa kivuli, na kwa bahati yangu mbaya kiti chake kikaelekea moja kwa moja kwenye jiko.

Alikunywa chai. Hilo halikuhesabiwa, chai hata adui hupewa. Yeye na baba walizungumza juu ya mvua, juu ya nyasi zilizoisha upande wa Kajiado, juu ya saruji na namna inavyoingia mapafuni. Baba alikuwa mtu asiyependa maneno mengi, na mzee alikuwa mtu asiyeamini maneno mengi, kwa hiyo walikuwa wakielewana vizuri sana. Nami nilikuwa hatua kumi kutoka kwao nikipigana na upepo.

Daftari langu lilikuwa limesema kila kitu isipokuwa Kitengela. Nilisogeza makaa upande mmoja kama nilivyofundishwa, upepo ukayarudisha. Niliinua wavu, upepo ukaingia chini yake. Mafuta ya ngozi yalidondoka, moto ukaruka na kuyalamba mabawa. Kuku niliowalinda usiku kucha walikuwa wakiniponyoka machoni pangu, na nilihisi kwamba si wao tu walioponyoka. Kwamba dada yangu, aliyesimama mlangoni na sahani tupu, alikuwa akienda pamoja na moshi ule, kuelekea Isinya, bila kugeuka nyuma.

"Mwalimu," mzee aliniita kutoka kitini. Alikuwa ameambiwa kazi yangu. "Unachoma ama unaunguza?"

"Nachoma, mzee."

"Mimi naona unaadhibu."

Baba alicheka kabla hajajizuia.

"Na hiyo ni nyama gani? Mbona iko na mikono mifupi hivyo?"

Mlangoni dada aliacha kupumua. Ningeweza kumwacha baba ajibu. "Ni kuku, mzee," nikasema mwenyewe.

"Kuku." Alilitamka neno kama mtu anayepima uzito wa jiwe kiganjani. "Mimi sijawahi kula ndege. Baba yangu pia hakuwahi."

"Najua, mzee."

"Unajua?"

"Niliambiwa. Mama yangu hakuambiwa. Mimi ndiye niliyeambiwa."

Mwaitu alitazama chini. Kijana wa pampu alitazama viatu vyake, na kwa mara ya kwanza niliona vina vumbi.

"Ukaambiwa sili ndege," mzee alisema taratibu, "halafu ukachoma ndege."

"Nilidhani, kama ikiwa tamu sana..." Sikumaliza. Sentensi ile ambayo jioni ile barabarani ilikuwa na mbawa pana, hapa mbele ya mtu mwenyewe ilikuwa kitu kidogo chenye aibu. Nilikuwa nimemwalika mtu nyumbani ili nimsahihishe.

Upepo ulizunguka jiko. Tone la mafuta likaanguka, ulimi wa moto ukapanda, ngozi ya paja ikapasuka kwa sauti kavu, na nikauona uso wa mzee ukikunjamana, si kwa hasira, bali kwa maumivu ya mtu anayesikia wimbo ukiimbwa vibaya. Alivumilia tone la pili. La tatu lilimshinda. Akasimama, akampa baba fimbo yake ashike, akavua lile koti na kulining'iniza kwenye kiti.

"Toa hiyo kitu hapo," aliniambia. "Hata kama ni ndege, hakufa ili aungue."

Mwaitu alikuja mbio. "Mzee, tafadhali. Kwetu mgeni hagusi moto."

"Mama, nisamehe. Siwezi kukaa nikiangalia. Macho yangu itauma mpaka kesho."

Kilichofuata ninakikumbuka kama watu wanavyokumbuka ndoto za homa, ambamo kila kitu huenda polepole na kila kitu kina maana. Aliuzunguka ua wetu akinusa. Nyuma ya tangi la maji la mawe alisimama, akanyoosha kiganja, akasubiri. Upepo ulikuwa unapita pande zote mbili za tangi, lakini pale katikati palikuwa na utulivu wa ukubwa wa ngozi ya mbuzi. Tulikuwa tumeishi katika boma lile karibu miaka kumi bila kujua kwamba panakaa utulivu. Alimtuma mwanawe akate vijiti vinne vigumu na matawi ya leleshwa, kile kichaka cha majani yenye harufu, nje ya ua. Alikataa makaa yangu. Aliomba kuni za mgunga, akawasha moto chini, juu ya udongo, akauacha uwake mpaka ukachoka.

"Moto ukiwa na ulimi, mwache aongee peke yake," alisema. "Akinyamaza ndio unampatia nyama."

Alivitazama vile vijogoo vilivyolazwa wazi kama vitabu, akavigeuza kwa kidole kimoja, bila karaha, kwa udadisi wa fundi anayepewa mashine ya nchi nyingine. "Ni kama mwana-mbuzi aliyekosea njia," akasema. Alimtunga kila mmoja kwa vijiti viwili vilivyopishana, akavisimika ardhini vikaegemea moto bila kuwa juu yake, mifupa ikiangalia makaa na ngozi ikiangalia dunia. Mafuta sasa yalidondoka kwenye udongo. Hakuna ulimi ulioinuka. Kwa mbali sana, kama mvua inayonyesha kwa jirani, nyama ikaanza kuimba.

Nilichuchumaa kando yake. Aliweka kiganja changu mahali kuku aliposimama ili nijue joto lile: lilikuwa joto ambalo mkono huvumilia kwa pumzi tatu na kisha huomba ruhusa. Nilipochukua kisu ili nitazame ndani ya paja, alinipiga mkono.

"Ukimtoboa atalia maji yake yote chini. Halafu utakula nini, majuto?"

"Nitajuaje ameiva?"

"Mwulize kwa kidole. Bonyeza. Laini kama shavu la mtoto, bado. Hapa pua yako, karibu. Paji la uso, umechelewa, peleka mbwa." Akabonyeza kidari mwenyewe, akabonyeza tena. "Lakini hii iko na maji mengi. Moto wako ulikuwa mbaya hivyo, na bado haijakauka. Kwa nini?"

Nikamwambia juu ya ndoo, juu ya chumvi na usiku mzima. Alisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa.

"Ng'ombe wangu hutembea siku nzima kutafuta chumvi, na hawajaenda chuo," alisema. "Wewe umesoma, umesoma, mpaka mwishowe ukafika pahali ng'ombe wamesimama."

Kijana wa pampu alicheka kwa sauti. Sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya siku ile. Hata dada, aliyekuwa analeta kuni, aligeuza uso.

Kivuli cha tangi kilirefuka, kikafika miguuni petu. Baba alikuwa amekuja na kiti chake, fimbo ya mgeni imelala magotini pake kama mtoto aliyekabidhiwa. Mzee aliwageuza wale kuku mara moja tu, ngozi ikaelekea moto, na ngozi ile niliyokuwa nimeiunguza ikajikunja na kuwa rangi ya asali palipobaki pazima. Mbali, upande wa mbuga, nyumbu walipita kwa mstari mwembamba, weusi juu ya nyasi za njano, na kwa kuwa tulikuwa ndani ya ule utulivu mdogo niliona kana kwamba hata wao hawatoi sauti, kwamba mchana wote umeshikwa na vijiti vinne vilivyosimama ardhini. Nilisahau kwa kitambo kwamba kulikuwa na jambo la kuogopa.

Lilinirudia mzee alipowatoa kuku motoni. Alitandika matawi ya leleshwa, akawalaza juu yake, na harufu ya majani yaliyopata joto ikatuzunguka. Baba alinyoosha mkono.

"Mwache apumzike," mzee akasema. "Ametoka mbali."

Tukangoja. Mwaitu alileta sinia, ugali na chumvi. Kisha mzee akachomoa kisu chake kiunoni, akakata paja. Maji ya nyama yalitoka yakiwa safi, yakashuka kwenye kisu, yakapita juu ya kidole gumba chake na kufika kifundo cha mkono. Sote tuliutazama mkono ule. Nadhani hata kijana wake, aliyemjua, aliutazama. Alikuwa ameinama juu ya nyama laini kuliko yoyote iliyowahi kuiva katika ua ule, yeye mwenyewe akiwa ameifanya, na mkono wake ulikuwa umelowa utamu wake.

Alichukua tawi la leleshwa, akaupangusa mkono, kidole baada ya kidole.

Nilisikia dada akivuta pumzi. Ilikuwa imekwisha. Niliwaza jinsi atakavyoshukuru, atakavyotupa mkono mmoja mmoja, na vumbi la gari litakavyofunga barabara nyuma yake. Nilitaka kusema jambo, kujitwika lawama kwa sauti, lakini mzee alikuwa bado ameshikilia lile paja kwa mkono mwingine, na alikuwa akitafuta mtu kwa macho.

"Enkerai ai," akaita. Mtoto wangu. "Kuja hapa."

Dada aliweka sahani chini, akaja, akainamisha kichwa. Safari hii kiganja kizima kilikaa juu ya utosi wake. Kisha akampa nyama mkononi.

"Kula. Mimi nitaangalia."

Alikula akiwa amesimama, mbele yetu sote, na maji ya kuku yakamshuka kidevuni asiyafute. Mzee alimtazama kwa umakini kama anavyotazama, nadhani, ndama anayenyonya kwa mara ya kwanza.

"Imekauka?"

"Haijakauka, baba," alisema dada. Lile neno la mwisho lilitoka kabla hajalipima. Wote wawili walilisikia.

Mzee alimgeukia baba yangu, akanyoosha mkono kudai fimbo yake. "Mzee mwenzangu, mimi kwako sijakula. Ndege ni ndege, na nimezeeka. Lakini huyu nimemlisha na mkono wangu, mbele ya mama yake. Sasa nitasema simjui, nianzie wapi?" Kisha, kwa mwaitu: "Mama, kama uko na maziwa, mimi niko na njaa."

Mwaitu alimletea kibuyu cha maziwa ya jirani, na alipokuwa akiyamimina kijana wa pampu aliinuka akamshikia kikombe. Mzee aliyanywa yote. Sisi tukala kuku. Sijui kama nilionja utamu wake au nilionja tu kuponea kwangu. Ninachokumbuka ni kwamba nyama ilikuwa na maji mpaka kwenye mfupa, na kwamba kila nilipoinua macho nilimkuta mzee akinitazama kwa furaha ya wazi, akingoja nikiri kwamba yeye anajua kuchoma kuliko mimi. Nikakiri. Akaniomba nirudie, kwa sababu upepo ulikuwa na kelele.

Hakuwahi kula ndege, wala mimi sikumwomba tena. Katika miaka iliyofuata nilimtembelea mara nyingi kwake upande wa Kajiado, nami nilikula mbuzi wake na kunyamaza, jambo ambalo kwa mtu wa aina yangu si dogo.

Kwa desturi yao, mzee humpa mke wa mwanawe mnyama, na tangu siku hiyo hawaitani tena kwa majina. Huitana kwa zawadi hiyo. Waliopeana ng'ombe huitana Pakiteng', waliopeana kondoo Pakerr, na hivyo ndivyo watakavyoitana hadi mmoja azikwe. Dada alipoolewa alipewa mtamba mwekundu mzuri sana, na watu wote walingoja jina linalojulikana. Mzee akakataa. Alisema kulikuwa na mnyama aliyetangulia, hata kama ni mdogo, na mpangilio ni mpangilio. Bibi wazee wa boma lile walimwambia kwamba jina la namna hiyo halijawahi kusikika na kwamba anawaaibisha. Aliwajibu kwamba wao hawakuwepo.

Kwa hiyo nikifika kwao alasiri, kabla sijaliona lango, huisikia sauti yake ikipita juu ya zizi, nzito, isiyo na haraka: "Pakuku, chai iko?"

Na sauti ya dada yangu kutoka jikoni: "Iko, Pakuku. Ngoja ichemke."